localhost na 127.0.0.1 si kitu kimoja

Kwa wengi wanaoandika programu za PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) hapa Mtwara, tuseme ya kutunza uzito wa korosho za wanachama wa ushirika, kuna imani ya siku nyingi: kwamba kuandika localhost au 127.0.0.1, yote yakimaanisha “kompyuta hii hii”, unapounganisha na MySQL, programu ya kuhifadhi data, ni yale yale. Kwenye Windows tofauti mara nyingi haionekani, na nadhani ndiyo maana imani hii imedumu.

Kwenye Linux mambo ni mengine. PHP ikiona neno localhost haipiti njia ya mtandao kabisa. Inatafuta faili maalumu la soketi, ambalo programu huwasiliana kupitia kwake, lililo ndani ya mashine hiyo hiyo. Ukiandika 127.0.0.1, inapita TCP, yaani njia ya mtandao, kwa kawaida poti (mlango wenye namba) 3306. Kwa hiyo programu iliyotoka kwenye Windows ikihamishiwa seva ya Linux inaweza kugoma kwa kosa namba 2002, likilalamika kuwa faili halipo. Mtu anahangaika kubadilisha nywila, kumbe nywila haijafika hata kuulizwa.

La hatari zaidi ni poti. Ukiwa na MySQL mbili kwenye mashine moja ya Linux, ya pili ikiwa poti 3307, kisha ukaandika localhost pamoja na 3307, namba hiyo hupuuzwa. Kama jina na nywila vinafanana, utaingia kwenye ile ya kwanza bila onyo lolote, na vipimo vya mkulima vitaandikwa kusikostahili. Ukitaka poti fulani, andika 127.0.0.1.