Mteja anayelipa zaidi ya bei

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni kuwasaidia wachoraji, wafua shaba na wanamuziki kuuza kazi zao mtandaoni. Ujumbe ninaoonyeshwa mara nyingi kuliko wowote huja kwa Kifaransa na husema hivi: «Habari. Mke wangu ameipenda sana kazi yako, nataka kumshtukiza siku ya kumbukumbu ya ndoa yetu. Tunahamia nchi nyingine, kwa hiyo wakala wangu wa usafirishaji atapita kuichukua. Nitumie bei.»

Soma tena. Hajasema ni kazi gani. Hajaulizia ukubwa wala uzito. Mnunuzi wa kweli wa bamba la shaba atataka kujua kama limepakwa vanishi ili lisiwe jeusi, na litatundikwaje ukutani. Bamba la sentimita 60 kwa 90, unene nusu milimita, lina karibu kilo 2 na nusu. Anayelipeleka Ulaya hawezi kupanga usafiri bila kulijua hilo. Tapeli hana haja ya kujua, maana bamba lenyewe halitaki.

Mpe bei, tuseme dola 300. Anakubali bila kupunguza hata senti. Baadaye inaingia barua pepe yenye nembo ya kampuni ya malipo: umelipwa dola 900, ila zimezuiliwa mpaka umtumie wakala dola 600 za usafirishaji. Tuma leo, gari linasubiri. Zile 900 hazipo popote. Zile 600 ni za kwako, na zikishatolewa upande wa pili ni vigumu mno kuzipata tena. Marekani mchezo huu huchezwa kwa hundi: benki huweza kuonyesha fedha kwenye akaunti, kisha wiki kadhaa baadaye hundi ikagundulika ni ya bandia, na mwenye akaunti akadaiwa zote.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu: barua pepe si malipo, SMS si malipo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako bila kubonyeza kiungo ulichotumiwa, au fungua menyu ya pesa kwenye simu usome salio. Na mteja akizidisha malipo, kisha akaomba umrudishie ziada, simamisha biashara hapo hapo.

Vijana wa muziki wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, wana mtego wao: «Lipa dola 50, nikupe wasikilizaji 20,000 kwenye Spotify.» Spotify ni huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, na wasikilizaji hao ni programu za kompyuta. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12, ndiyo maana ahadi hii inavutia. Lakini mwaka huo huo ilianza kuwatoza wasambazaji, yaani kampuni zinazopeleka nyimbo Spotify, kwa nyimbo zenye usikilizaji wa bandia, na msambazaji akitozwa anaweza kuushusha wimbo wako. Hili linaniuma kweli: kijana analipa fedha za jasho lake, na anayefutwa ni yeye.

Anayetaka kununua picha zako kama NFT, yaani hati ya kidijitali ya umiliki wa picha, mradi kwanza ulipie gharama za kuzisajili kwenye tovuti anayokupa yeye, mpuuze. Nyumba ya maonyesho inayodai ada ya ukuta, yaani ulipe ndipo kazi yako itundikwe, huenda ipo kweli, lakini mimi sishauri kulipa. Anayeiamini kazi yako huchukua asilimia yake ikishauzwa. Tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti yako ya WhatsApp, zinazokuja kwenye simu yako, usimpe mtu yeyote, hata anayejiita mwandaaji wa tamasha. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya ziada kwenye WhatsApp.

Kama fedha zimekwisha kwenda, pigia kampuni ya simu dakika hiyo hiyo, kwa sababu zikiwa bado hazijatolewa huenda zikazuiliwa. Usifute mazungumzo. Na siku chache baadaye akitokea mtu anayedai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada kidogo, mara nyingi ni yule yule, au mwenzake aliyepewa namba yako.