Mawe kwanza, nyasi baadaye

Kila nikikaa na watu kupanga eneo la wazi hapa Mwanza, hoja ya kwanza mezani ni kuyapasua mawe. Wanataka tambarare, wamwage udongo, wapande nyasi. Mimi huanza na swali jingine: jiwe lipi tuliache?

Hiyo picha ya bustani kama uwanja wa kijani tumeitoa Uingereza, ambako Birkenhead Park ilifunguliwa mwaka 1847 kwa fedha za umma. Kule manyunyu hayakatiki, nyasi zinajilea. Olmsted na Vaux, waliobuni Central Park ya New York mwaka 1858, walikuta ardhi ya miamba. Penye njia walilipua kwa baruti, lakini miamba mingi waliiacha wazi, na mpaka leo watoto wanaipanda.

Sasa tazama graniti yetu. Mvua ikinyesha, jiwe halinywi maji. Yote yanateremka hadi chini yake. Mti uliopandwa hapo unapata mvua yake na ya jiwe zima, ndiyo maana mikuyu hustawi kwenye nyufa ambazo fundi angedhani hazina udongo. Ukishalipasua jiwe, maji yale yale yanashuka mlimani na takataka hadi Mto Mirongo.

Kivuli nacho kina hesabu yake. Jua letu la saa sita linakaa karibu utosini, jiwe halikusaidii kitu; hapo unahitaji mti wenye matawi mapana. (Miashoki, ile miti myembamba iliyosimama kama askari wa gwaride inapendeza kwenye picha tu.) Kuanzia saa tisa kivuli cha jiwe huangukia mashariki. Benchi liwekwe huko, ila lisiegemee jiwe, kwa sababu joto la mchana hutoka humo hadi usiku.

Anayebisha avuke kwenda kisiwa cha Saanane, kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Watu hukaa juu ya mawe, pimbi wakiwachungulia.

Ufukweni ni habari nyingine. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na mwaka 2020 ziwa lilipofurika lilionyesha kwa nini. Vyoo na vibanda vya chipsi vijengwe juu. Chini kule ziachwe nyasi na ngazi za mawe, maji yakija yapite.