Siku ya mwisho ya ziara, kwa jicho la mpiga ganuni

Wapigaji wengi ninaosafiri nao huiogopa siku ya kwanza ya ziara. Mimi naiogopa ya mwisho. Siku ya kwanza kila mtu yuko macho. Siku ya mwisho roho zimeshatangulia Unguja, mabegi yamejaa chokoleti na viatu vya watoto, na lolote litakaloharibika utalijua ukiwa umeshafika nyumbani, ambako huna tena la kulifanya.

Kwa sisi wa taarab, tarehe ya kurudi mara nyingi haisogei. Zanzibar taarab hunyamaza mwezi mzima wa Ramadhani, kisha Idi inavitaka vikundi vyote viwe nyumbani. Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, kwa hiyo onyesho la mwisho linakuja wakati Ulaya ingali kwenye baridi. Tuseme Köln, Ujerumani, Februari, ukumbi wenye viti vilivyopangwa mistari na joto la mashine. Hapo ndipo kazi yangu inapoanzia.

Ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani na kukwanyuliwa kwa risha, ile ninayopiga mimi ina safu 26 za nyuzi, kila safu nyuzi tatu, jumla 78. Upande wa kulia daraja lake limesimama juu ya vipande vya ngozi ya samaki. Halikugundishwa, linashikwa na mkazo wa nyuzi tu. Ngozi ile inavuta unyevu na kuutoa kutwa kucha. Nyumbani hewa ni nzito mwaka mzima, ngozi inalegea kidogo, daraja linashuka na sauti zinashuka nalo. Ulaya wakati wa baridi mambo yanageuka. Hewa ya nje, kwa ubaridi wake, hubeba mvuke mchache sana. Ukiiingiza ndani na kuipasha moto bila kuiongezea maji, unyevu wake unaweza kuanguka hadi asilimia 20 au 30. Ngozi inakauka, inajikaza, inalinyanyua daraja, na nyuzi zinapanda. Laiti zingepanda zote sawasawa! Kila kipande cha ngozi kina unene wake, basi sauti za juu zinakwenda huku na za chini kule.

Mwisho wa ziara ngozi imeshakaukia kumbi nyingi, na ndipo mpigaji anaposhawishika kufanya mambo mawili ambayo mimi siyafanyi. La kwanza ni kuvisha nyuzi mpya ili onyesho la mwisho ling'ae. Nailoni mpya inaendelea kunyooka kwa siku kadhaa, kwa hiyo utamaliza usiku mzima ukiikimbiza. La pili ni kuacha kutyuni, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, kwa makini, kwa kuwa eti "leo tunamaliza". Mimi hulifungua sanduku ukumbini penyewe, si chumba cha kubadilishia nguo, saa tatu kabla ya watu kuingia. Kifaa kiizoee hewa ya pale kitakapopigiwa. Ndani ya sanduku huweka kisanduku cha plastiki kilichotobolewa, chenye sifongo iliyokamuliwa vizuri. Natyuni mara moja nikifika, mara ya pili baada ya kupima sauti za mitambo, na mara ya tatu taa za jukwaa zikishawaka kwa muda, maana taa nazo zina joto lake.

Mwenye neno la mwisho katika kutyuni ni akodiani, kwa sababu yeye hatyuniwi. Ya kuazima Ulaya mara nyingi imewekwa hertz 442, na sisi tumezoea 440. Tofauti ni ndogo, lakini sikio la mwimbaji linaisikia, na mimi nina nyuzi 78 za kupandisha. Nyimbo zenye robo sauti, za maqam (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati, tunamwomba mpiga akodiani apumzike. Huwa haifurahii amri hiyo, na sijui mpiga akodiani anayeifurahia.

Mchana huo huo mwandaaji ataleta karatasi ya orodha ya nyimbo. Wengi huijaza kwa dakika mbili wakiwa wanakula. Nakusihi ukae chini. Ujerumani karatasi ile inakwenda GEMA, Ufaransa SACEM, Uingereza PRS. Ndio wanaokusanya fedha za hakimiliki kwenye maonyesho. Ukiandika "wimbo wa asili" kila mstari, umeshasema kwamba hakuna anayestahili kulipwa. Taarab yetu haina uasili wa namna hiyo. Kuna aliyetunga shairi, kuna aliyetia muziki, na mara nyingi ni watu wawili, tena mmoja wao yuko hai Ng'ambo au Malindi, mitaa ya mjini Unguja, na hana habari kwamba shairi lake limeimbwa Köln.

Kwa hiyo kila wimbo una majina mawili. Bashraf, yaani muziki wa kufungulia usio na maneno, ni hesabu nyingine. Ukipiga kazi ya Tatyos Efendi wa Istanbul, aliyefariki 1913, haina tena mwenye haki, kwa kuwa Umoja wa Ulaya unahesabu maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake. Lakini ukipiga muziki wa Mohamed Abdel Wahab uliotiwa maneno ya Kiswahili, jambo ambalo wazee wetu walilifanya sana na watunzi wa Misri, Abdel Wahab alifariki 1991, na jina lake lazima liwemo. Bila shaka fedha haitamfikia mtunzi wetu kama kazi haikusajiliwa kwenye chombo cha hakimiliki cha nyumbani. Hata hivyo karatasi iliyojazwa vizuri ni ushahidi. Mimi huipiga picha.

Onyesho lenyewe sitalisemea mengi. Nyimbo zetu ni ndefu, dakika kumi na zaidi, kwa hiyo saa moja na nusu hubeba nyimbo saba hivi. Tunafungua na bashraf, tunafunga na kidumbak, taarab ya ngoma ya kuchezeka. Kitu kimoja tu hunihangaisha katika usiku wa mwisho: kutunza, yaani kumpa mwimbaji fedha jukwaani. Wenyeji hukaa kimya mpaka wimbo uishe ndipo wapige makofi. Lakini habari za onyesho la kufungia huenea, wakaja Wazanzibari, Wakomoro na watu wa Mombasa kutoka miji ya jirani, kina mama wamevaa vizuri, na ukifika ubeti uliomgusa mtu atanyanyuka na noti yake aende jukwaani. Mlinzi wa ukumbi haelewi. Anaona mtu anamkimbilia msanii. Sasa mimi humweleza msimamizi wa jukwaa mapema kwamba watu watakuja, watampa mwimbaji fedha, watacheza kidogo na kurudi, na njia ya katikati iachwe wazi. Fedha hizo kwetu huingia kwenye mfuko wa kikundi, na anayezihesabu si mwimbaji.

Pazia likishuka kuna malipo. Ujerumani msanii mgeni hukatwa asilimia 15 ya malipo ghafi, kisha nyongeza ya asilimia 5.5 juu ya kodi hiyo, jumla asilimia 15.825. Ukiandikiwa euro 600, zinaondoka euro 94.95. Malipo ya msanii yasiyozidi euro 250 kwa onyesho moja hayakatwi. Nauli na malazi aliyoyagharimia mwandaaji, yakithibitishwa, hayahesabiwi kuwa malipo. Ndiyo maana napenda mkataba unaotenganisha vitu hivyo tangu mwanzo, na unaotaja fungu la kila mpigaji. Kabla ya kuagana omba hati inayoonyesha kodi iliyokatwa. Mwandaaji analazimika kukupa ukiiomba, ila ukishapanda ndege barua pepe zako zinaanza kuchelewa kujibiwa.

Kama katibu wenu anabeba fedha zote taslimu, ajue kwamba anayetoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi anatakiwa kutoa taarifa forodhani. Kikundi cha watu kumi na wawili hufika hapo bila kujijua.

Besi kubwa la kusimama huwa tunaliazima huku huku. Lirudisheni usiku ule ule, mwenyewe akiwepo, na mlipige picha mbele na nyuma.

Kabla ya kulala nakagua sanduku la risha. Wazee walipigia risha za gamba la ng'amba, yule kasa wa baharini, na wapo wanaozitunza hadi leo. Usisafiri nazo. Ng'amba yuko kwenye Jedwali la Kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, gamba lake halivuki mpaka bila vibali maalumu, na forodha haitajali kwamba ni urithi wa babu. Risha za plastiki nzuri zinatosha. Kisha nalegeza nyuzi zote kama nusu sauti, basi. Ukizilegeza kabisa daraja halina kinacholishika, linateleza, na ngozi inaumbuka.

Angalia pia saa ya ndege dhidi ya siku za viza. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote zinahesabiwa, na ndege ya saa nane usiku ni ya siku nyingine. Viza ikiisha tarehe 14, ukaondoka tarehe 15 alfajiri, umezidisha. Tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, zimeanza kuandika kuingia na kutoka kwa alama za vidole na picha ya uso, na mtambo ndio unaozihesabu siku zako.

Ukifika Unguja usilifungue sanduku siku hiyo. Ganuni imetoka kwenye ukavu na ngozi itaanza kunywa unyevu kwa pupa. Iache ikiwa imefungwa hadi kesho yake, kisha pandisha nyuzi nusu ya mwendo, na nusu nyingine siku inayofuata. Wenzangu wa fidla huchoka kunisubiri, lakini fidla haina ngozi.