Mkojo kuchoma sio lazima iwe UTI jamani

Wadada naomba tuliongee hili maana mdogo wangu kateseka miezi minne. Kila mkojo ukimchoma anaenda duka la dawa anapewa antibayotiki ya sipro, inatulia kidogo, inarudi tena na muwasho juu yake, na kila mtu anamwambia hiyo ni UTI sugu. Mpaka siku moja nesi akamuuliza, inachoma ndani wakati mkojo unatoka au inachoma nje mkojo ukigusa ngozi? Akasema nje. Akapimwa uchafu wa ukeni, kumbe fangasi, na zile antibayotiki ndo zilizidi kuwapa nafasi.

So kusema "ukichomwa tu ni UTI" ni uongo. UTI inakaa kwenye njia ya mkojo, na mara nyingi ni bakteria wanaoitwa E. coli waliotoka kwenye utumbo: unabanwa kila saa, unakojoa kidogo, chini ya kitovu panauma. Muwasho na uchafu mweupe kama mtindi ulioganda, hapo fikiria fangasi. Harufu ya samaki hasa baada ya tendo, hiyo mara nyingi bakteria wa ukeni wamevurugika, wanaita BV. Na unaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja, ndo maana kukisia dukani kunatuumiza.

Wengine wanasema basi UTI na matatizo ya ukeni havihusiani kabisa, hapana, hao ni majirani wa ukuta mmoja. Mrija wa mkojo wa mwanamke una kama sentimita 4 tu na unatokea pale pale juu ya uke. Ukeni kuna bakteria walinzi wanaotengeneza asidi, pH (kipimo cha asidi, ikishuka asidi imezidi) inakaa chini ya 4.5, wadudu wabaya hawapati raha. Walinzi wakipungua E. coli anaweka kambi mlangoni kisha anapanda kibofuni, ndo maana mwenye BV anapata UTI kirahisi zaidi. Mama zetu waliokoma hedhi nao, homoni ya estrojeni ikishuka walinzi wanapungua, unakuta mama wa watu anaugua UTI kila mara afu anaonewa aibu bure.

Hii ya kujiosha ndani na sabuni, ndimu, sijui kitunguu saumu, inaniuma sana kwa sababu tumefundishwa na watu wanaotupenda. Uke unajisafisha wenyewe. Osha nje kwa maji, tawaza kutoka mbele kwenda nyuma, basi.

Choo cha stendi nacho hakikupi UTI, ila kubana mkojo siku nzima kwa kukiogopa hakukusaidii.

Halafu kile kichupa cha maabara. Ukikinga mkojo wa mwanzo, uchafu wa ukeni unaingia humo, wanaona seli za usaha wanaandika UTI wakati kibofu hakina shida. Nawa, tenga mashavu ya uke kwa vidole, acha wa kwanza uende chooni, kinga wa katikati. Ikijirudia omba mkojo uoteshwe ijulikane mdudu gani na dawa gani inamuua, na kama una uchafu au muwasho sema, usione aibu, wapime na ukeni.

Homa, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mjamzito hata kama husikii chochote mkojo upimwe kliniki, maana bakteria wakiachwa humo wanaweza kupanda mpaka kwenye figo.