Gwendolyn Brooks hakuwagundua watu wake mwaka 1967

Wengi hudai kwamba Gwendolyn Brooks, mshairi Mweusi wa Marekani, aliwaandikia Wazungu hadi mwaka 1967, alipohudhuria mkutano wa waandishi Weusi katika Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, ndipo akageukia maisha ya Weusi wenzake. Si kweli, na dai hilo linamdhulumu.

Kitabu chake cha kwanza, cha mwaka 1945, kinahusu Bronzeville, mtaa wa Weusi huko Chicago. Lisome shairi lake la vyumba vya kupanga: harufu ya vitunguu, taka za jana zinazooza koridoni, na wapangaji wanaoacha kuwazia ndoto kwa sababu bafu la pamoja limebaki wazi na wanatamani kuwahi maji ya uvuguvugu. Ubaguzi wa makazi umo humo wote, bila kaulimbiu hata moja! Mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kutunukiwa Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi nchini Marekani. Mwaka 1960 akachapisha shairi kuhusu mama yake Emmett Till, mvulana Mweusi aliyeuawa na Wazungu huko Mississippi mwaka 1955.

Baada ya Fisk, soneti, yaani mashairi ya mistari kumi na minne yenye kanuni kali, zilipungua, mistari ikawa huru zaidi. Pia aliwaacha wachapishaji wakubwa wa New York, akahamia Broadside Press ya Detroit, iliyomilikiwa na Weusi.