Utando wa nje wa bakteria: kwa nini dawa ya vijidudu hugonga mwamba

Kuna bakteria anayeweza kuishi ndani ya chupa ya dawa iliyotengenezwa kumuua. Siri yake kubwa ni utando wa nje.

Kila bakteria ana utando unaoizunguka seli yake, na wengi wana ukuta juu ya utando huo. Kundi moja limejivika utando wa pili juu ya ukuta. Mwaka 1884, Hans Christian Gram wa Denmark, akiwa Berlin, alibuni njia ya kupaka bakteria rangi. Wanaobaki na zambarau tunawaita Gramu chanya, na wanaoipoteza ni Gramu hasi. Hao wa pili ndio wenye utando wa nje: E. coli wa utumboni, salmonela, bakteria wa kipindupindu, na Pseudomonas aeruginosa, mkazi wa masinki na mabomba.

Upande wa nje wa utando huu umepangwa lipopolisakaridi, yaani mafuta yenye minyororo ya sukari. Molekuli hizo zina chaji hasi, kwa hiyo zingesukumana na kuachana kama magnesiamu na kalsiamu, zenye chaji chanya, zisingekuwa katikati yake kama simenti kati ya matofali. Dawa inayopenda mafuta hukwama hapo. Chakula hupitia kwenye protini zenye matundu, na matundu ya E. coli hukataa takriban kila kitu kinachozidi daltoni 600 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Pseudomonas ni mbahili zaidi, kwani matundu yake mengi hukaa yamefungwa. Na tone linalofanikiwa kupenya hutapishwa na pampu zilizomo mwilini mwake. Hiyo ni sababu mojawapo ya triklosani, dawa ya kuua vijidudu iliyowahi kujaa kwenye sabuni, kutomtisha. Parabeni, vihifadhi vya kwenye losheni, nazo hudhibiti kuvu na Gramu chanya vizuri kuliko zinavyomdhibiti yeye.

Usugu huu ni wa kuzaliwa. Bakteria hakuupata kwa sababu mtu alikatiza dozi, na ni vyema tusiuchanganye na ule.

Mfano unaonigusa zaidi ni benzalkoniamu kloridi. Dawa hii ya kusafishia ngozi huua stafilokokasi wa ngozini, ambaye ni Gramu chanya, kwa kiasi kidogo tu, lakini hospitali zimeshakuta Pseudomonas na Gramu hasi mwenzake, Serratia, wakizaliana kwenye mitungi ya pamba iliyolowekwa humo. Pamba hunyonya dawa, maji yanabaki hafifu, na mwenye utando wa nje anastawi. Kisha pamba ile ile inapakwa pale sindano itakapochoma. Mgonjwa amepakwa ugonjwa na mkono uliokusudia kumkinga.

Utando huu wa nje una udhaifu wake. Kemikali iitwayo EDTA hunyakua magnesiamu, simenti inatoka, na sehemu ya lipopolisakaridi inabanduka. Soma karatasi ya dawa ya matone ya macho, mara nyingi utakuta benzalkoniamu na EDTA pamoja: EDTA inabomoa utando, benzalkoniamu inaingia. Spiriti ya asilimia 70 haihitaji msaidizi, kwa sababu huvuruga mafuta ya utando na kuharibu protini kwa pamoja.

Kwa hiyo chupa ya dawa ya kusafishia vidonda isijazwe juu ya masalio ya jana. Imwagwe, ioshwe, ikauke, ndipo ijazwe upya kwa kipimo kilichoandikwa, na pamba ilowekwe wakati wa kutumika tu.