Je, wajua watafiti hutambuaje kuwa watu wa kale walisuka, ilhali kamba huoza?

Pakacha likiachwa shambani, masika moja hutosha kuligeuza mbolea. Jiwe hudumu, mfupa hudumu, lakini ukili hauna bahati hiyo. Nadhani hata jina Zama za Mawe linatudanganya kidogo: mawe ndiyo yaliyobaki tu.

Hata hivyo, vipande vichache huponea chupuchupu. Huko Abri du Maras, kusini mwa Ufaransa, watafiti waligeuza jiwe la kukatia wakakuta uzi umegandia upande wa chini. Urefu wake ni milimita 6 hivi, na umri wake ni kati ya miaka 41,000 na 52,000. Wakati huo waliokaa pale ni Neandertali, aina ya binadamu wa kale waliokwisha kutoweka, ambao jina lao leo hutumiwa kama tusi la ujinga. Ulipokuzwa kwa hadubini, uzi ulionekana una nyuzi tatu za ganda la ndani la mti wa jamii ya misonobari. Kila uzi ulisokotwa upande mmoja, kisha zote tatu zikasokotwa pamoja kwa upande wa pili. Wasokota kamba za usumba wanaijua siri hiyo: kila uzi unataka kujifungua, lakini msokoto wa pamoja unavuta kinyume, basi vinashikana. Ukisokota vyote upande mmoja, ukiachia tu kamba inafumuka. Aliyesokota uzi ule alijua anachofanya, na matokeo hayo yalipochapishwa mwaka 2020, wengi waliwatazama Neandertali kwa jicho jingine.

Pengine kinachobaki ni alama tu. Huko Pavlov, Jamhuri ya Cheki, kiasi cha miaka 27,000 iliyopita, vitu vilivyosukwa viligusa udongo mbichi, kisha moto ukauchoma ukawa mgumu kama kigae. Wanaakiolojia Olga Soffer na James Adovasio walipozichunguza alama hizo waliona kamba, visuko vya vikapu, hata kitambaa.

Ukavu nao huhifadhi. Karibu na Albuñol, mkoa wa Granada, Hispania, kuna Cueva de los Murciélagos, yaani Pango la Popo. Wachimbaji madini wa karne ya 19 walikuta humo vikapu na makubazi ya nyasi ya esparto, wakavitawanya vingi. Vilivyookolewa vilipimwa upya, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa baadhi ya vikapu vina miaka 9,500 hivi. Kilimo kilikuwa bado hakijafika upande ule. Waliovisuka waliishi kwa kuwinda na kuokota matunda.